Kitabu anakisoma chote, lakini neno moja linamshinda

BARUA

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Kahama, nauza mboga na dagaa kwenye genge langu hapa mtaani. Nakuandikia kwa ajili ya kijana wangu wa pili. Ana miaka minane, yupo darasa la pili.

Mwaka jana wote nilikuwa natamba naye. Alikuwa akirudi shule anafungua kitabu, anasoma ukurasa mzima hakwami, kidole kinapita kwenye mistari kama karani. Majirani wakawa wananiambia huyu ndiye atakayekutoa gengeni. Basi mwezi uliopita nilikuwa nafungia mteja dagaa kwenye kipande cha gazeti, nikaona neno "maji" limeandikwa kubwa. Nikamwita, mwanangu hebu nisomee hapa. Akaliangalia, akasema "mama". Nikamwonyesha "kuku", akasema "kaka". Nikadhani anatania. Nikamletea kitabu chake chenyewe, nikafungua kurasa za mbele ambazo darasani hawajafika. Bibi, alikaa kimya mpaka machozi yakamtoka.

Nilipofuatilia ndiyo nikaona nyumbani kwetu kumekuwa soko. Baba yake anamfundisha alivyofundishwa yeye: "be a ba, be e be, be i bi", na akikosea mwiko unatembea. Dada yake yupo kidato cha pili, yeye anamtajia herufi kwa Kiingereza, "em, ei, em, ei, mama". Shuleni mwalimu wao anawafundisha "mmmm" na "aaaa" halafu "ma". Baba anasema huo ni mchezo, watoto wanavuma kama nyuki, ndiyo maana hawajui kitu. Mtoto mwenyewe ukimuuliza hii herufi gani anakuangalia usoni kwanza, ajue wewe unataka jibu la nani.

Nilikwenda shule. Mwalimu ni kijana, mpole, wala sina ugomvi naye. Darasa lina watoto 127. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, mtoto wangu anaitikia vizuri sana darasani.

Tena kuna hili: "kalamu" anaiita "karamu" na "chakula" anaandika "chakura". Je, hilo nalo ni kutojua kusoma? Na je, nichukue mkopo wa vikoba Januari nimpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza? Shemeji yangu anasema huyu ni mzito tu wa kichwa, nisipoteze hela. Nisaidie, Bibi, kabla hajaingia darasa la tatu hivi hivi.

Mama wa Genge, Kahama

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo shemeji. Mtoto aliyekamata kurasa zote zilizosomwa darasani kwa kuwasikiliza wenzake, akajua mpaka mahali pa kufungulia ukurasa na mwendo wa kupitisha kidole, si mzito wa kichwa. Kichwa chake kimefanya kazi ngumu kuliko ile aliyotakiwa kufanya. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na hao ndio walionidanganya mara nyingi zaidi, wenye akili nyepesi. Mwalimu anagusa neno ubaoni, watoto kumi wa mbele wanalitamka, na wengine wote wanadaka kutoka kwao kabla hata pumzi haijaisha. Ukisimama mlangoni unasikia darasa zima linasoma. Linaloimba ni darasa, wanaosoma ni kumi.

Na kijana wako amekuonyesha mwenyewe alipokwama. "Maji" akasema "mama", "kuku" akasema "kaka". Anaangalia herufi ya kwanza halafu anabahatisha neno analolifahamu. Maana yake herufi m na k anazijua. Hajajua kushona herufi na herufi zikawa silabi, na silabi na silabi zikawa neno. Hapo ndipo pa kuanzia, na si mbali.

Kabla ya kuanza, mpime jioni moja bila mtu mwingine kuwapo. Usimpe kitabu chake, ameshakimeza. Mwandikie kwenye karatasi maneno ambayo hayapo duniani: fudo, nebu, tigamo, leku. Mwambie ni majina ya wanyama wa kwenye hadithi. Neno ambalo hajawahi kulisikia hawezi kulibahatisha, lazima alisome. Huko Uingereza tangu 2012 watoto wa darasa la kwanza hupewa kipimo cha maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni namna hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Akikwama usimsahihishe, andika tu alipokwama. Utaona kama ni herufi hazijui au ni kuunganisha.

Sasa ugomvi wa nyumba yako, nani yuko sahihi.

Mbuzi jina lake ni mbuzi, lakini akilia anasema "mee". Herufi nazo ziko hivyo, jina ni kitu kimoja na sauti ni kitu kingine. A, be, che, de ya baba yake ni majina. "Em" na "ei" za dada yake ni majina pia, ya Kiingereza. Mtoto ukimwambia unganisha "be" na "a", kwa haki kabisa atakujibu "bea". Ukimwambia unganisha "em" na "ei" sijui atakujibu nini, na yeye hajui. Lakini "mmmm" na "aaaa" ukizisogeza karibu karibu, "ma" inajitokeza yenyewe mdomoni. Kwa hiyo mwalimu wa shule yuko sahihi, na wale nyuki waache wavume.

Najua mzee atauliza, mbona mimi nilijua kusoma kwa be a ba? Alijua kwa sababu aliimba mara mia mpaka kichwa chake chenyewe kikaitupa ile "e" ya "be" na kubakiza "ba". Wengi wa rika lake walifika kwa njia hiyo. Ambao hawakufika hawapo hapa kuisifia. Na asione kwamba sauti ni mambo mapya ya miradi. Waliopitia chuoni, yaani madrasa, huko Pwani walianza na herufi tupu za Kiarabu, zikatiwa fataha zikawa "ba", zikatiwa kasra zikawa "bi", zikatiwa dhuma zikawa "bu". Neno lenyewe "irabu", yaani hizi a, e, i, o, u, tumelipata huko, kwa Waarabu, kwenye alama hizo za kuipa herufi sauti.

Ila nina neno hata kwa upande wa mwalimu, kwa sababu nimeona walimu vijana wanatoka kwenye semina na kulazimisha kila herufi ivutwe. Zinazovutika ni m, n, s, f, l, z na wenzake. Hizo vuta utakavyo. Lakini b, d, k, t, p, g hazivutiki, zinapasuka mara moja zikaisha. Ukijaribu kuvuta b unaishia kusema "buuu", halafu mtoto anasoma "bata" kama "bu-a-tu-a". Kwa hizo usihangaike na sauti peke yake, nenda moja kwa moja kwenye silabi. Kiswahili chetu kinaruhusu. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti moja leo na kesho, na silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu. Lugha chache zinampa mtoto ngazi fupi hivyo.

Kwa hiyo kaa na baba na dada yake, mkubaliane mtumie sauti na silabi, basi. Dada aachie "em" na "ei" kwa sasa. Najua mtoto anazisikia hata shuleni, maana mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakati ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 ulikisubirisha mpaka darasa la tatu. Mwambie tu: hilo ni jina lake la Kiingereza, kwa Kiswahili anasema hivi. Watoto wanaelewa. Bila shaka nyumbani kwenu anaongea lugha mbili kila siku na hajawahi kuchanganya ya bibi yake na ya dukani.

Mwiko uwe wa ugali. Mtoto anayekuangalia usoni kabla ya kutaja herufi ameshajifunza kusoma kitu kimoja, hasira yako. Mpe baba kazi nyingine ambayo ataipenda. Sisi utotoni tulikuwa na mchezo wa kinyume, unachukua silabi ya mwisho unaiweka mbele. Maji yanakuwa "jima", kitabu "bukita", ugali "liuga", dagaa "adaga". Wakae barazani wasemeshane hivyo, hakuna daftari wala kalamu. Utaona ni upuuzi, lakini mtoto hawezi kupindua neno bila kulikata silabi kichwani kwanza, na huko kukata ndiko anakokukosa. Halafu wacheze kuondoa: sema kalamu, ondoa "ka", kumebaki nini? Siku tatu nne za mchezo huo kwanza, ndipo mguse herufi.

Wewe tafuta vizibo vya soda, kama hamsini. Kwa ndani bandika vipande vya karatasi ulivyoandika herufi kwa maka peni, irabu kwa rangi nyekundu. Anza na irabu zote na herufi sita tu: m, l, k, t, s, b. D iache kwanza. Inafanana na b kama pacha aliyegeuka, na ukizileta pamoja atazichanganya mpaka darasa la nne. Weka kizibo cha m, zungusha irabu mbele yake. Lakini sikiliza hapa, maana hapa ndipo wazazi wengi wanaharibu: usizungushe kwa mpangilio wa ma me mi mo mu kila siku. Huyo wako ataukariri mpangilio kama alivyokariri kitabu, na atakuimbia hata ukiwa umefunga vizibo kiganjani. Leo anza na mo, ruka kwenye mi, rudi ma, nenda le.

Kwa herufi hizo sita na irabu tano ana silabi 30, mbali na irabu zenyewe, na kwa hizo tayari kuna meli, simu, soko, kuku, samaki, kiatu, kalamu, kitabu, sukuma. Mwache ajenge mwenyewe neno kwa vizibo, halafu abadilishe kizibo kimoja au viwili. "Kaka" akiondoa irabu zote mbili akaweka u na u, anapata "kuku". Siku atakapoligundua hilo mwenyewe, mtasikia kelele nyumba ya tatu.

Robo saa inatosha, kila siku. Najua unafunga genge ukiwa umechoka. Fanyieni hapo hapo gengeni kabla wateja wa jioni hawajaanza, na akianza kupiga miayo acheni. Robo saa ya kila siku inashinda saa mbili za Jumapili zenye makofi.

Akishazoea hizo, ongeza herufi moja moja. Halafu zipo zinazosumbua. M ya "mtu", "mke" na "mtoto" inasimama peke yake bila irabu, na mtoto aliyezoea ma na mi anaitafutia mwenzake, anasoma "mutu" au "matoto". Mpigishe makofi: m-to-to, makofi matatu. M nayo ina kofi lake. Ch, sh, ny, th, dh na ng' zitie kwenye kizibo kimoja kila moja, kama herufi moja, asije akazisoma vipande vipande. Za mwisho kabisa ziwe zile za mbwembwe, kama mbo ya "mboga", ndi ya "ndizi", mwa, kwa, bwa. Na "ng'ombe" dhidi ya "ngoma" mwachie mwalimu. Hata watu wazima wanasahau ile alama ya juu.

Sasa "karamu" na "chakura". Huko kwenu Kanda ya Ziwa watoto wengi wanakua l na r zikiwa sauti moja mdomoni, na hilo ni suala la matamshi. Mwandikie "kalamu" mwambie akuletee. Akileta kalamu, amesoma, hata kama njiani aliiita karamu. Usimkatize katikati ya sentensi kwa ajili ya r. Kwenye kuandika ndiko utamrekebisha taratibu, na kwa maneno yanayogeuka maana kabisa: kula na kura, mahali na mahari. Mwambie mahari haiwekwi mahali popote tu. Atacheka, na atalikumbuka.

Mwalimu wake usimwendee kwa lawama. Piga hesabu: watoto 127, akimsikiliza kila mmoja dakika moja tu, saa mbili zimepita na hajafundisha chochote. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa ya chini yalifurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwendee umwulize yupo kwenye silabi zipi, ili nyumbani msimtangulie wala kumchelewesha. Umwambie kwa upole kwamba mtoto anakariri, na umwombe siku moja moja amsimamishe peke yake kwa neno ambalo darasa halijaliimba. Na umwombe amkalishe mtoto mbele. Hapo hapo angalia: anasogeza kitabu puani? Anageuza sikio ukimwita? Kama ndiyo, kituo cha afya kwanza, vizibo baadaye.

Kuhusu mkopo wa vikoba, usichukue. Kwa hili, hapana. Mtoto ambaye bado hajaweza kuunganisha m na a kwa lugha anayoielewa, unataka kumpeleka kwenye lugha ambayo a ya "cat", a ya "cake" na a ya "ball" ni sauti tatu tofauti? Kusoma mtu anajifunza mara moja tu maishani. Akishajua kwa Kiswahili, atauhamishia ujuzi huo kwenye Kiingereza, na hapo ukiwa na hela na ukitaka kumhamisha tutazungumza tena. Kwa sasa hela hiyo ni mtaji wa dagaa.

Sikuahidi mwezi mmoja. Atapita kipindi cha kusoma kwa kuburuza, sa-ma-ki, mpaka akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Wazazi wengi hapo wanakata tamaa, wanaona bora hata alipokuwa anakariri, alikuwa anapendeza. Mvumilie. Mpe sentensi fupi ile ile mara tatu, ya tatu itakuwa na mwendo wa kuongea. Kisha muulize imesema nini, nani alikwenda wapi. Asipojua, arudie.

Vya kusoma usinunue. Mwandikie yeye vibao vya genge: nyanya, bamia, mchicha, dagaa, na bei zake. Mwambie kila asubuhi achague kibao cha fungu lake. Jina la kanga nalo ni zuri kwa sababu ni fupi na linapita mbele yake siku nzima, ila huandikwa kwa herufi kubwa tupu, hakikisha anazijua kwanza. Na yale magazeti ya kufungia, kabla hujafunga mpe atafute "ma" zote kwenye kichwa cha habari azizungushie kalamu.

Umesema una watatu. Kama huyo wa mwisho bado hajaanza shule, vizibo usivitupe, na kwenye mchezo wa kinyume mruhusu akae pembeni asikilize.

Bibi Mwalimu